Ushindi Usio na Hirizi

Jua linapopunguza ukali wake, na mitumbwi ya wavuvi imekwisha kufungwa kandokando ya Lualaba, hapo ndipo vijana wa shule hushuka uwanjani. Ndivyo ilivyo Nyangwe, ndivyo ilivyo Kasongo na Kabambare, na kila penye shule na kipande cha ardhi iliyo sawa. Ukiwapo mpira wa dukani, ni vema. Usipokuwapo, mpira wa matambara uliokazwa kwa kamba watosha. Wazee wapitao njiani hutikisa vichwa. Huuliza: mbio hizi zote zavuna nini? Jembe humletea mtu mhogo, wavu humletea samaki, kitabu humletea maarifa. Lakini mpira humletea nini isipokuwa njaa na nguo iliyopasuka? Naye mkatekumeni, ambaye kesho anangojewa kwenye fundisho la dini, hujiuliza moyoni kama mchezo ni dhambi, au ni upuzi tu, au kama labda Mungu ameweka kitu ndani yake.

Swali la wazee si la kudharauliwa. Mtu aweza kucheza mpira miaka kumi akabaki vilevile alivyokuwa: mwenye hasira, mwenye majivuno, hodari uwanjani na mvivu nyumbani. Miguu yake imekua, roho yake imedumaa. Basi si kila achezaye hukua. Yafaa kutazama ni nani akuaye, na kwa sababu gani.

Mtume Paulo aliwaandikia watu waliolijua jambo hili sana. Alikaa Korinto mwaka mmoja na nusu, kama Kitabu cha Matendo ya Mitume kisimuliavyo. Karibu na mji ule, penye ukanda mwembamba wa nchi kavu kati ya bahari mbili, Wayunani walikutana kila mwaka wa pili kushindana kwa mbio, kwa mieleka na kwa ngumi. Mshindi alivikwa taji la majani, na majani hunyauka. Katika Waraka wake wa kwanza kwa Wakorinto, sura ya 9, Paulo aona ajabu: ikiwa mtu ajinyima chakula, usingizi na anasa kwa ajili ya majani, je, yeye angojaye taji lisilonyauka atakuwa mlegevu? Tena Mtume ajiogopea mwenyewe, asije yeye aliyewahubiria wengine akaondolewa katika mashindano. Na katika Waraka wa pili kwa Timoteo aongeza neno ambalo wachezaji wengi wangependa kulisahau, kwamba hapewi taji mtu asiyeshindana kwa kufuata sheria. Hakusema kwamba mbio humwokoa mtu. Kwa Timoteo huyohuyo aliandika kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo, bali utauwa wafaa kwa mambo yote. Faida kidogo si hasara. Kidogo hicho ndicho kitafutwacho hapa.

Mfano wa siku zilizo karibu waonekana nchini Kenya. Ni mbali na Maniema: mtu avuke ziwa Tanganyika, apite nchi ya Tanzania, alizunguke ziwa Viktoria, ndipo aione milima. Juu ya milima hiyo, penye kimo cha mita 2,400 hivi juu ya bahari, ukingoni mwa bonde la Kerio, pana mji mdogo uitwao Iten, na katika mji huo iko shule ya sekondari ya Mtakatifu Patrisi. Humo walifundisha Mabruda wa Mtakatifu Patrisi, shirika lililoanzishwa Ireland mwaka 1808. Mwaka 1976 alifika pale Bruda Colm O'Connell ili afundishe jiografia. Hakuwa mkimbiaji, wala hakupata kusomea ualimu wa mbio. Aliyewaongoza wakimbiaji wa shule alikuwa mwalimu mwenzake, Mwingereza Peter Foster, ambaye nduguye Brendan alipata nishani ya shaba katika Olimpiki ya Montreal mwaka huohuo wa 1976. Foster alipoondoka, kazi ikamwangukia Bruda.

Mtu mwingine angalikataa kwa haya, au angalijifanya mjuzi. Bruda hakufanya hili wala lile. Alisimama kando ya uwanja akatazama. Alitazama jinsi kijana awekavyo mguu, abebavyo kichwa, achokavyo. Na baadaye alisema mara nyingi kwamba wanafunzi wake ndio waliomfundisha. Mkatekumeni asimame hapa kidogo. Mwalimu aliyesomea vyuoni alikubali kuwa mwanafunzi wa watoto wa wachungaji na wakulima, nao walikubali kuongozwa na mgeni asiyejua kukimbia. Pasipo unyenyekevu huo wa pande mbili, wote wangalibaki kama walivyokuwa.

Matunda yake yajulikana. Mwaka 1987 Ibrahim Hussein, aliyesoma katika shule hiyo, alishinda mbio ndefu za New York, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1988, huko Seoul, Peter Rono alipata nishani ya dhahabu ya Olimpiki katika mita 1,500, naye alikuwa na miaka 21 tu. Shuleni kwao hupandwa mti kwa heshima ya mwanafunzi aliyeshinda ulimwenguni, na miti hiyo sasa yatoa kivuli.

Wageni wa Ulaya na Marekani wamekwenda Iten kutafuta siri. Wengine walidhani ni hewa, wengine walidhani ni ugali, wengine walidhani ni damu ya kabila. Hewa ina sehemu yake, hapana shaka, maana mwili uliozoea hewa nyembamba ya milimani hujifunza kuitumia vema. Lakini hewa ileile huvutwa na mvivu pia. Walichokiona wageni ni vijana walioamka kabla ya mapambazuko, wakakimbia, wengine polepole sana, wakanyoosha viungo, wakarudia jambo lilelile, wakapumzika, na kesho yake wakaanza tena. Wengine walirudi kwao wakisikitika kwamba hawakuonyeshwa siri. Kumbe walikuwa wameonyeshwa.

Kati ya vijana waliolelewa na Bruda huyo yumo David Rudisha, aliyezaliwa mwaka 1988. Baba yake, Daniel Rudisha, alipata nishani ya fedha pamoja na wenzake watatu katika mbio za kupokezana huko Meksiko mwaka 1968, na mtu angeweza kusema kwamba mwana alizaliwa mshindi. Lakini mwaka 2009, katika mashindano ya dunia mjini Berlin, alitolewa kabla ya fainali. Walio na vipaji hupatwa sana na jaribu la saa hiyo, kwa kuwa hawakuzoea kushindwa: humlaumu mwalimu, humlaumu jirani, hutafuta njia ya mkato. Rudisha alirudi Iten, kwa mwalimu yuleyule, kwenye mazoezi yaleyale. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mara mbili kwa muda wa siku saba. Rekodi aliyoivunja kwanza ilikuwa ya Wilson Kipketer, naye ni mwanafunzi wa zamani wa shule ya Mtakatifu Patrisi.

Kisha ikafika tarehe 9 Agosti 2012, fainali ya Olimpiki mjini London. Rudisha alitangulia mbele tangu mwanzo, pasipo mtu wa kumwongoza mwendo, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Hakuna mwanadamu aliyepata kukimbia hivyo. Lakini yafaa kumtazama zaidi yule aliyefika wa nane, yaani wa mwisho. Alitumia dakika 1 na sekunde 43.77, na mwendo huo ungalimpa dhahabu miaka minne kabla, huko Beijing, ambako mshindi alitumia dakika 1 na sekunde 44.65. Mmoja alipotoa yote aliyokuwa nayo, karibu wote waliomfuata walivutwa wakapita kipimo chao wenyewe. Kanisa hufundisha juu ya ushirika wa watakatifu, na wakatekumeni wengi huona ni neno gumu. Mfano wa London ni hafifu, maana pale kila mtu alitaka kumshinda mwenzake. Hata hivyo, waonyesha kidogo jinsi utakatifu wa mtu mmoja kijijini usivyobaki kwake peke yake.

Sasa laja jambo lisilosemwa waziwazi mbele ya padri, ingawa kila mtu alijua. Ni jambo la dawa ya mpira. Mahali pengi katika Afrika, usiku wa kuamkia mchezo, hutafutwa mganga. Kitu huzikwa karibu na nguzo ya goli. Hirizi hufungwa kiunoni. Wachezaji huambiwa wasipite mlangoni, bali waruke ukuta. Wengine hucheka na kusema ni desturi tu. Mwezi wa Septemba mwaka 2008, mjini Butembo katika Kivu ya Kaskazini, hakuna aliyecheka. Timu mbili zilikuwa zikicheza, mchezaji mmoja akashukiwa kwamba afanya uchawi uwanjani. Wachezaji wakapigana, polisi wakaingia kati, umati ukakimbilia mahali pa kutokea, wakakanyagana. Watu zaidi ya 10 walikufa.

Hata isipoua mtu, hirizi huiba. Timu ikishinda, sifa ni ya mganga. Ikishindwa, kosa ni la mchawi wa upande wa pili. Mchezaji mwenyewe hana sifa wala kosa. Amekuwa kama mpira, kitu cha kupigwa na nguvu za wengine. Hawezi kusema: nilichelewa kurudi nyuma, sikumpa mwenzangu pasi, nilikula na kunywa mno jana. Na asiyeweza kuliona kosa lake hawezi kulitengeneza. Mtu kama huyu, akiingia siku moja katika kiti cha kitubio, atamsimulia padri dhambi za jirani zake.

Na achukuliwe, kwa mfano, kijana wa Nyangwe, mwanafunzi wa sekondari, mlinda mlango wa timu yake, mkatekumeni aliyekaribia Ubatizo. Kesho wanacheza na shule ya Kasongo. Jioni wenzake wanachanga fedha za mganga. Hawamwombi aamini; wamwomba tu atoe sehemu yake, asije akavunja umoja. Hapo ndipo penye ugumu, maana shetani mara nyingi haombi imani, huomba mchango. Akitoa, padri hatajua, mwalimu wa dini hatajua, mama yake hatajua. Akikataa na timu ikafungwa, ataitwa msaliti, na labda itasemwa kwamba yeye ndiye aliyewaloga.

Ikiwa kijana huyu amejizoeza kweli, siku baada ya siku, akiruka kulia na kushoto mpaka magoti yamechubuka, anajua ndani ya mifupa yake kwamba mpira hudakwa kwa mikono na macho. Ameuona mwili wake ukitii leo jambo ambalo ulilikataa mwezi uliopita, naye ajua bei iliyolipwa. Hana haja ya kuhutubu. Aweza kusema: "Ndugu zangu, fedha yangu sitaitoa kwa kazi hiyo. Kesho nitafika uwanjani kabla yenu nyote nijizoeze, na atakaye na aje." Na kama watafungwa magoli matatu? Waweza kufungwa. Injili haikumwahidi mtu ushindi wa mpira. Waweza kumwondoa katika timu, na wengine wameondolewa kwa mambo madogo kuliko hilo. Lakini aliyeikataa hirizi mbele ya rafiki zake jioni ile amekwisha kulijibu, kabla ya padri kumwuliza, swali la siku ya Ubatizo kama amkataa shetani na kazi zake zote. Wengi hulijibu swali hilo kwa mdomo kanisani, wakiwa hawajalijibu bado penye watu wao.

Lakini ni lazima kwenda mbali zaidi. Wako wakatekumeni waliokwisha kuitupa hirizi ya mganga, nao waitafuta nyingine kanisani. Medali ya Bikira Maria huivaa kama ngao ya kuzuia risasi. Maji ya baraka huyanyunyiza kama dawa ya mchawi. Huuliza mafundisho yatakwisha lini, ili wapate jina jipya na kinga, halafu waende zao. Watu hao hawajabadili kitu ila duka la kununulia. Ubatizo si kitu cha kufungwa shingoni. Ni uzima wa Mungu ndani ya mtu, na kila kilicho hai ama hukua, ama hudumaa.

Kwa sababu hiyo Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe walioihubiri Injili katika nchi za maziwa makuu na katika Maniema, aliagiza kwamba watu wangoje miaka minne kabla ya kubatizwa. Hata wamisionari wengine waliona ni muda mrefu mno. Lakini Kardinali alitaka mtu azoee kusali asubuhi pasipo kupigiwa kengele, azoee kusema kweli sokoni, azoee kumsamehe shemeji yake. Na mambo hayo hayazoeleki kwa majuma matatu, kama vile mlinda mlango hafanyiki kwa majuma matatu.

Hapa, hata hivyo, mfano wa michezo wafikia mwisho wake, na ni lazima kusema hivyo, asije mtu akapotea. Mkimbiaji hulipata taji kwa jasho lake. Mkatekumeni hawezi kuununua Ubatizo kwa jasho lolote. Neema ni zawadi tupu. Mungu amempenda mtu kabla mtu hajaamka kwenda mazoezini. Mazoezi ya mkatekumeni si ya kumshawishi Mungu atoe. Ni ya kuifungua mikono iliyokunjwa, ili ipokee kile anachotoa.

Liko jambo jingine ambalo uwanja hufundisha vizuri kuliko maneno, nalo ni sheria. Nyangwe yalijua tangu zamani. Soko la Nyangwe lilikuwa mashuhuri. Watu wa ng'ambo zote mbili za mto, hata waliokuwa na ugomvi, walikutana pale kwa amani, wanawake na vikapu vyao vya samaki na mihogo na kuku, kwa kuwa soko lilikuwa na sheria yake. Tarehe 15 Julai 1871 David Livingstone alikuwapo, akayaandika aliyoyaona: watu wenye bunduki waliingia sokoni, wakabishania bei ya kuku, kisha wakaanza kupiga risasi. Mamia waliuawa, au walizama mtoni wakiikimbilia mitumbwi. Amani iliyolindwa na wengi kwa miaka ilivunjwa na wachache kabla ya adhuhuri.

Uwanja wa mpira ni kama soko lile. Hauna ukuta, una mistari tu. Mwamuzi ana filimbi, hana bunduki. Kinachowazuia vijana 22 wenye nguvu wasiumizane ni kwamba wamekubali. Filimbi hulia, naye aliyekuwa akikimbia kwa nguvu zake zote husimama. Hilo si jambo dogo kwa kijana. Tena mara nyingine filimbi hulia isivyo haki, maana mwamuzi ni mtu. Kijana aliyezoea kumeza hasira yake, akaweka mpira chini na kuendelea, amejifunza jambo ambalo wakubwa wengi wenye silaha hawakujifunza. Si kusema kwamba Mkristu anyamaze mbele ya kila udhalimu. Nahodha anayo njia ya kusema, naye aseme. Lakini asiivunje sheria kwa kulipiza kosa la mwenye kuishika.

Tena katika Kasongo na Nyangwe Waislamu ni wengi, na uwanjani Yusufu na Yosefu huvaa jezi moja. Wako wanaodhani kwamba mkatekumeni, akisha kuanza mafundisho, yampasa ajitenge. Na wasikie habari ya kijana mmoja wa Wadowice, mji mdogo wa Poland, aliyezaliwa mwaka 1920. Alikuwa mlinda mlango. Katika mji wake walikuwapo Wakatoliki na Wayahudi, na vijana walipogawana, Wakatoliki huku na Wayahudi huku, yeye mara nyingine alilinda mlango wa Wayahudi. Jina lake lilikuwa Karol Wojtyła. Baadaye alikuwa Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye mwaka 1985 alifika Kinshasa akamtangaza Anuarite kuwa Mwenyeheri, na ambaye mwenyewe alitangazwa Mtakatifu mwaka 2014. Mwezi wa Aprili 1986 aliingia katika sinagogi ya Roma, akasali pamoja na Wayahudi, na dunia ikastaajabu. Pengine safari hiyo ilianzia golini, Wadowice.

Yako mambo machache ya kuonya, nayo yasemwe upesi. Mchezo usichukue nafasi ya Misa ya Jumapili; timu yenye viongozi wenye busara hupanga saa yake, na kijana mwenye moyo huwaomba mapema, asingoje siku yenyewe. Wasichana wasiachwe kando ya uwanja kupiga makofi tu. Bruda Colm alipoanzisha kambi za mazoezi wakati wa likizo, mwaka 1989, wasichana walikuwamo. Tena asidanganywe mtu kwamba mpira utamlisha. Wengi mno waliokimbia pale Iten hawakupata nishani yoyote, na mti wa jina lao haukupandwa. Walirudi mashambani, madarasani, madukani. Ikiwa wamerudi wakiwa wakweli na wavumilivu, hawakukimbia bure. Upande wa Kabambare machimbo ya dhahabu ya Namoya na Salamabila huwavuta vijana waiache shule, na makundi yenye silaha yamewavuta wengine. Wote huahidiwa njia fupi. Kijana aliyekwisha kujifunza mazoezini kwamba kitu chema huja polepole ana sababu moja zaidi ya kutokwenda. Si sababu pekee, wala haitoshi kwa mwenye njaa. Wazazi na Kanisa wana kazi yao hapo.

Karoli Lwanga wa Uganda, kama isimuliwavyo, alikuwa hodari wa mieleka. Alibatizwa mwezi wa Novemba mwaka 1885, akawa kiongozi wa vijana katika ikulu ya Kabaka Mwanga. Kati ya vijana hao walikuwamo wakatekumeni. Mwezi wa Mei 1886, alipoona kifo kimekaribia, aliwabatiza wachache wao kwa mkono wake, na kati yao alikuwamo Kizito, mdogo kuliko wote. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo, naye Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Kizito hakupewa hirizi ya kuzuia moto. Alipewa maji, na moto ukaja vilevile, naye hakukimbia.

Zamani za Wayunani, wanamieleka walijipaka mafuta kabla ya kuingia uwanjani. Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano katika karne ya 4, aliwakumbusha wabatizwa wapya kwamba nao walipakwa mafuta kama washindani wa Kristu waingiao katika mapambano. Kanisa limeitunza ibada hiyo mpaka leo. Mafuta yabarikiwa kwa ajili ya wakatekumeni, na padri humpaka mkatekumeni kifuani au katika mikono yote miwili, akimwombea nguvu ya Kristu Mwokozi. Siku hiyo mlinda mlango wa Nyangwe ataikunjua mikono yake, ile yenye sugu na makovu ya uwanjani, naye padri ataipaka mafuta kabla haijashika mshumaa.